Mkuu wa Jiko Asiyeshika Mwiko

Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona ameshika mwiko. Ni jambo la ajabu kulisema juu ya mwanamke aliyesimamia mapishi ya karibu kila harusi, hitima na maulidi ya upande wetu wa Wawi, kisiwani Pemba, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yeye alikuwa Mkuu wa Jiko. Jiko lenyewe lilikuwa la watu wengine.

Mgeni akiingia uani siku ya shughuli aliona moshi, masufuria makubwa juu ya mafiga, wanawake wameinama kila upande, na katikati yao bibi mmoja mnene kidogo amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kanga imekaa vizuri kama anasubiri kupigwa picha. Bwana mmoja kutoka Unguja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule ndiye mgeni rasmi. Nikamwambia ndiye mpishi. Akacheka, akidhani namtania.

Sitasema alizaliwa wapi wala babu zake walitoka upande gani. Mwenyewe akiulizwa alikuwa akijibu kwamba kaulizeni waliokuwepo, yeye alikuwa mchanga. Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kujulikana kwa vitendo vyake, na kitendo chake kikubwa kilikuwa kukaa.

Kazi yake ilikuwa kugawa. Aligawa asubuhi, kabla kuni hazijashika moto vizuri, na aligawa kwa kumtazama mtu usoni zaidi ya mikononi. Waliokuja na hasira zao za nyumbani aliwapa vitunguu maji, ili kama ni kulia walie kwa sababu inayoonekana. Wenye maneno mengi aliwaweka kwenye mchele, kwa kuwa kuchagua mchele, alisema, kunataka mdomo uliochangamka, la sivyo usingizi unakuja na mawe yanabaki. Na kama walikuwapo wawili wasiosemezana, aliwapa tui: mmoja akamue nazi kwenye kifumbu, mwingine amimine maji. Huwezi kukamua tui na mtu huku umemnunia. Utamwambia ongeza, au basi, au polepole bibi, unanirowesha, na likishatoka neno moja mengine hayana haya. Nimeuona ugomvi wa mpaka wa shamba ukizama kwenye beseni la tui, na wenyewe hawakujua ulizama saa ngapi.

Mimi, niliporudi nyumbani na shahada yangu ikiwa bado na joto la mashine ya chapa, alinipa kunguru. Nilikabidhiwa ufito nikasimamishwa karibu na nyama. Nilikuwa nimesomea utawala, kwa hiyo nilifika na mapendekezo. Nilimweleza jinsi kazi za pale uani zingeweza kupangwa upya, nani akae wapi, maji yapite njia ipi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Ahsante, baba," akasema. "Yule kunguru wa mkono wa kushoto keshachukua figo."

Lakini kugawa kazi kila mtu anaweza, hasa mwenye sauti. Lililomtofautisha ni alilofanya baada ya kugawa. Akishamweleza mtu kazi yake, na alieleza mara moja tu, taratibu, alikinyanyua kiti chake kidogo, akakigeuza, akampa yule mtu mgongo. Wawi nzima inalikumbuka hilo. Ukikabidhiwa sufuria na Mkuu wa Jiko, kitu cha mwisho ulichokiona ni kisogo chake na lile fundo la kanga. Waliokuwa wageni naye walidhani ni dharau. Mimi nilidhani ni mgongo unamuuma. Nilipomuuliza, alinishangaa kidogo, kama nimeuliza kwa nini watu huvua viatu mlangoni.

"Mtu nimempa kazi, nibaki namtazama?" akasema. "Hapo sijampa. Nimemuazima tu, na mwenyewe atajua nimemuazima."

Nyumbani kwake alikuwa vivyo hivyo. Mkate aliununua kwa jirani wa nyuma. Samaki alipikiwa na mwanamke wa nyumba ya pili, kwa sababu yule, alisema, ana mkono wa samaki na yeye hana, na hakuna aya inayomlazimisha kuwa nao. Nguo zilikwenda kwa dobi wa Madungu na kurudi zimenyooka. Kijana wa bodaboda alimletea vitu vya sokoni kutoka mjini Chake Chake, na akileta nyanya zilizopondeka alizipokea bila neno, ila safari iliyofuata alimwagiza nyanya tena, peke yake, hakuna kingine. Kijana akajua kuchagua nyanya.

Wapo waliomwita mvivu. Hawakumwita mbele yake, lakini Wawi si kubwa na neno lilimfika. Hakulikataa. Alisema uvivu anao kweli, ndiyo maana anautunza, asiutumie ovyo.

Mwanzoni sikuelewa muda wote ule aliouokoa aliupeleka wapi. Nilitazamia, kama msomi yeyote, kuona matunda yake: biashara, shamba kubwa, cheo. Hakukuwa na chochote cha namna hiyo. Baada ya alasiri alijitanda, akatoka, akaenda kukaa kwa watu. Kwa mgonjwa ambaye wengine walimpa pole wakiwa wamesimama mlangoni, yeye aliingia, akavua viatu, akakaa. Kwa mwanamke aliyejifungua, kwa mjane ambaye eda yake imekwisha na wageni nao wamekwisha. Hakubeba kitu mkononi na hakuaga haraka. Wengi wetu tukikaa na mgonjwa tunakaa na nusu ya tako. Yeye alikaa lote.

Na hapa niseme kitu kinachonichekesha mpaka leo. Mwanamke huyu aliyemwachia kila mtu kila kitu hakumwachia mtu chai yake. Chai yake ya maziwa na tangawizi aliichemsha mwenyewe, akaitia sukari mwenyewe, akaikoroga mwenyewe, hata siku za mwisho alipokuwa akisimama kwa kushika ukuta. Jirani zake walijaribu. Wajukuu walijaribu. Aliwaambia wakae. Nilimkumbusha siku moja maneno yake ya kuazima na kukabidhi, nikiwa nimefurahi sana kumkamata. Alikoroga, akaonja, akasema, "Chai ni mambo mengine." Hoja ikafungwa. Maprofesa wangu hawakuwahi kuifunga hoja kwa wepesi ule.

Siku iliyonifanya nimheshimu hasa ilikuwa siku ya pilau kuungua. Ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu, na bwana harusi alikuwa anakuja na watu wake kutoka Chokocho. Masufuria yalipangwa uani, na moja katika makubwa alikabidhiwa Raya, msichana ambaye alikuwa hajawahi kuachiwa sufuria ya shughuli. Wakubwa walitazamana. Mkuu wa Jiko akamweleza mara moja, akageuza kiti.

Raya alipalia. Pilau likikaribia kukauka huwekewa makaa juu ya kifuniko ili liive kwa juu na chini, na hapo ndipo panapotaka kipimo. Yeye, kwa hamu ya kutoharibu, alipalia makaa ya kutosha sufuria mbili, na chini hakuutoa moto. Harufu ilitufikia sisi wanaume nje kabla ya wenyewe ndani. Tulipochungulia, tayari shangazi wa biharusi alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono kiunoni, anataka kujua ni mkono wa nani uliomwaibisha mbele ya wakwe. Raya alikuwa bado ameshika kifuniko kwa kitambaa. Kwetu jambo kama lile halisahauliki. Yuko mwanamke anayejulikana mpaka leo kwa wali aliouzidisha chumvi alipokuwa msichana, na sasa ana vitukuu.

Mkuu wa Jiko akasimama. Nilijua ni jambo zito kwa sababu sikuwahi kumwona akisimama kabla ya chakula kupakuliwa.

"Nimeliunguza mie," akasema.

Shangazi akamwambia weye hukugusa hata kuni, sote tunakuona umekaa hapo tangu asubuhi.

"Sufuria kampa nani? Si mie? Basi kama unataka kusema, sema na mie, na useme upesi, wageni wanaingia."

Shangazi akautoa mkono kiunoni. Pilau la juu likapakuliwa, la chini likaachwa, wageni wa Chokocho wakala na kuomba dua. Watu walijua ni nani aliyelipalia, lakini neno la kusema hadharani lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine, na hivyo halikumganda Raya. Shughuli iliyofuata sufuria kubwa ilitolewa, na Mkuu wa Jiko akamwita Raya tena, akamweleza tena mara moja, akageuza kiti. Pilau lile nililila mwenyewe.

Nimetaja haya yote ili nifike kwa mama yangu.

Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakampungukia, akabaki nayo machache. Mimi ndiye niliyerudi Wawi kumtunza, kwa kuwa kazi yangu ya kuandika inaweza kufanyiwa popote, au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Mke wangu na kazi yake walibaki Unguja, na dada yangu mkubwa, ambaye anaishi huko pia, alitaka mama apelekwe kwake. Tulipomuuliza mama mwenyewe, alitumia moja ya maneno yake machache. "Hapa," alisema, na akaupiga mkeka kwa mkono mzima. Dada akakubali kwa sharti: siku nitakaposhindwa, atakuja kumchukua.

Nilianza kushindwa mapema, ila nilishindwa kwa bidii. Niliapa kufanya kila kitu mwenyewe, kwa kuwa niliona kumpa mtu baki kazi ya mama ni kama kumwambia mama sikutaki. Nilifua. Nilipika uji uliokuwa na madonge ya kutosha kuchezea bao. Nilisimama foleni, nilibeba ndoo, nilipiga pasi kanga ambazo hazikuhitaji pasi. Jambo moja tu sikuweza, nalo ni kumwogesha, maana mimi ni mwanamume na yeye ni mama yangu. Kila asubuhi nilikwenda kuwaomba wanawake wa jirani kwa zamu, nikiwa nimesimama mlangoni kwao natazama miguu yangu. Na jioni, nikiwa nimechoka, nilikaa kando ya mama na simu mkononi, nikasinzia. Katika siku zote hizo nilizomfanyia kila kitu sikukaa naye hata kidogo.

Mkuu wa Jiko alikuja kumtazama mama alasiri moja akanikuta nimeinama juu ya beseni, povu mpaka kwenye miwani. Alikaa na mama kwa muda mrefu. Alipotoka hakunipa shauri lolote. Alikaa kwenye baraza yetu, akaanza kuita watu. Aliyepita njiani aliitwa, ambaye hakupita aliitiwa. Uji utatoka nyumba ile. Nguo zitakwenda kule, na nitalipa, kwa kuwa mwenye kufua ana watoto wa kusomesha. Vitu vya sokoni vitaletwa na kijana wa bodaboda, ambaye sasa anajua nyanya. Na wa kumwogesha mama, kumvisha na kumshika mkono atakuwa Raya, kwa mshahara, kila siku. Nilijaribu kusema kitu kuhusu wajibu wa mtoto. Akanitazama kama alivyonitazama siku ya kunguru.

"Wajibu wako upo mle ndani umelala ubavu," akasema. "Hauko kwenye beseni."

Nilikubali, lakini nilikubali nusu. Raya alipokuja nilimfuata chumba hata chumba. Nilimweleza maji yawe ya joto gani, mto uwekwe vipi, mlango ufungwe namna gani, na nikarudia kwa maneno mengine endapo Kiswahili cha kwanza hakikutosha. Raya, ambaye ana adabu, alisema ndiyo kaka, ndiyo kaka. Mkuu wa Jiko alikuwapo siku hiyo. Aliniashiria nikae, na nilipokaa alishika kiti changu kwa nyuma, na mimi nikiwa juu yake, mtu mzima mwenye mvi, akajaribu kukigeuza. Hakuweza. Nikageuka mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikawa na alasiri. Nilikaa na mama. Sikuwa najua kwamba neno "hapa" lina sauti nyingi kiasi kile: hapa panauma, hapa kaa, hapa ndipo baba yako alipokuwa akiweka redio yake. Maneno mengine yalirudi, machache, kila moja kama mgeni aliyechelewa boti. Na asubuhi niliandika. Nilipata nafasi hata ya kualikwa Chake kutoa mada ofisini kwa watu, kuhusu matumizi mazuri ya muda. Nilifika nimechelewa, lakini nilifika.

Siku hiyo ndiyo aliyoanguka mama. Raya alikuwa amemweka barazani kwenye kiti chake. Mvua ikaanza ghafla, naye akakimbilia nguo za mama zilizokuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Mama, kwa ukaidi ambao kiharusi hakikuugusa, akataka kusimama peke yake. Niliporudi paji la uso lilikuwa limevimba na kifundo cha mkono kimefungwa kitambaa. Daktari alikuwa ameshamwona, akasema hakuna kilichovunjika. Lakini picha ya paji lile ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na simu ya dada iliingia kabla sijavua viatu.

Aliniuliza swali moja: "Mama alikuwa na nani?"

Raya alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga za mama zilizolowa bado mikononi. Alisikia, maana dada husema na simu kama anaita mtu ng'ambo. Nilikuwa na jibu fupi na la kweli. Alikuwa na Raya. Ningelisema tu, Raya angeondoka jioni ile, na kwa Wawi angekuwa yule msichana aliyemwangusha mgonjwa wa watu. Dada angemchukua mama kwa boti ya kwanza. Na mimi ningebaki safi kabisa, na slaidi zangu.

"Dada, mama niliachiwa mimi," nikasema. "Kaanguka mikononi mwangu."

"Sikuulizi hayo. Nakuuliza alikuwa na nani."

"Nami nakujibu. Mwenye kusemwa ni mimi. Niseme."

Alinisema. Alinisema vizuri, na mengi yalikuwa kweli, mengine ya tangu utotoni. Mwishowe akaniuliza hiyo mikono yangu mama alipokuwa anaanguka ilikuwa wapi. Nikamwambia ilikuwa Chake, inawafundisha watu kupanga muda. Nikasikia kitu ambacho kwa dada yangu huwa ni kicheko. Akasema hamchukui mama kwa sasa, lakini Sikukuu ya Idi atakuja ajionee mwenyewe.

Alikuja. Alimwona Raya akimwogesha mama, akamsikia mama akimgombeza Raya kwa neno jipya kabisa, na Raya akimjibu kwa mzaha. Mama akaulizwa tena habari za Unguja, akaupiga tena mkeka. Siku ya Sikukuu yenyewe dada alikaa naye chumbani, mlango umefungwa, wanacheka kwa jambo nisilolijua. Nikaona nafasi ya kwenda kumwamkia Mkuu wa Jiko.

Magoti yalikuwa yamemkatalia. Mwaka ule hakuwa amekwenda shughuli yoyote, na baadaye, kwenye hitima yake mwenyewe, hakuwapo wa kugawa kazi. Lakini wenye hasira walikwenda kwenye vitunguu, wenye maneno wakakaa kwenye mchele, na mimi nikachukua ufito nikasimama karibu na nyama, na hakuna aliyeuliza nani kasema.

Siku ile ya Sikukuu nilimkuta kwenye kiti kile kile cha plastiki, karibu na dirisha. Nilimwamkia, akaitika. Nilitaka kumsimulia habari ya simu ya dada, na nakiri nilikuwa nimeyapanga maneno njiani ili yasikike kama si majivuno. Hakunipa nafasi. Alikwisha kusikia, Wawi si kubwa. Alinitazama usoni, kwa muda, kama asubuhi za shughuli.

"Nichemshie chai, baba," akasema.

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akanieleza, mara moja, taratibu: maziwa yapo hapo, tangawizi ipondwe isikwanguliwe, moto uwe mdogo, sukari mwisho. Kisha akashika mikono ya kiti, akakinyanyua kwa taabu niliyoiona mpaka mabegani, akakigeuza. Nikabaki na kisogo chake na fundo la kanga.

Sijawahi kuogopa sufuria ndogo namna ile. Niliponda tangawizi. Nikaweka maziwa. Nikawa nayatazama kwa makini, nikifikiri jinsi nitakavyokuja kuyaandika haya, na maziwa hayakungoja nimalize kufikiri. Yalipanda, yakamwagika, na yaliyobaki yakashika chini. Harufu ya maziwa yaliyoungua si harufu ya kuficha. Ilijaa jiko, ikatoka, ikaenda mpaka dirishani alipokaa. Ule mgongo haukusogea. Nilimimina kilichokuwapo, nikampa kikombe chake, akanywa funda moja, akakishika kwa mikono miwili.

Hapo Raya akaingia na sinia la vitumbua kutoka kwetu, limefunikwa kawa. Akaamkia, akapewa mkono wa Sikukuu, akajimiminia chai. Akanywa kidogo. Uso ukamkunjika.

"Chai hii kaipika nani?" akauliza.

Mkuu wa Jiko alikuwa anatazama nje.

"Mie," akasema.

Raya akanigeukia, akanitazama mimi na mvi zangu zote, kisha akautazama ule mgongo. Akakaa kwenye mkeka, akanywa kikombe chake mpaka mwisho.